Jibu la Baba Akimana

Kabla ya ajali, Sindayigaya wa kijiji cha Mbuba, Ngara, ndiye aliyekuwa msemaji wa kila posa. Warundi wenzake walimwita aje kuwakatalia wageni kwa mzaha mpaka jasho liwatoke, kisha akubali kwa maneno matamu. Ndiyo desturi yao: upande wa binti haukubali mara ya kwanza.

Mwaka tisini na nne, wakimbizi wa Rwanda walipojaa Ngara, akapata kibarua cha kupakia kuni za kambini. Akaanguka kutoka juu ya lori, kichwa kikagonga jiwe. Jeraha lilipona, maneno hayakurudi. Aliomba chumvi akitaka maji, akaletewa chumvi, akakasirika. "Ndiyo" na "hapana" alizichanganya, na mwenyewe hakujua.

Mkewe, Generoza, alilia mpaka akachoka. Posa ya binti yao Akimana ilipokuja kutoka Nyarubungo, akaficha hali ya mumewe. Aliogopa wasije wakasema nyumba ina wendawazimu, na nani angeoa humo? Akawaambia mzee anaumwa koo. Shemeji yake Niyonzima angesema yote, Sindayigaya angetamka neno la mwisho tu, kwa kuwa baba akiwa hai, hakuna mwingine wa kulitamka. Akawa anamfundisha jikoni, maskini: ndiyo, ndiyo.

Siku ikafika. Wageni wakakizunguka chungu cha rubisi, pombe ya ndizi, kila mtu na mrija wake. Msemaji wao akauliza, "Mzee, binti tumepewa?"

"Hapana," akasema Sindayigaya, akitabasamu.

Wakacheka sana. Huyo ndiye Sindayigaya waliyemsikia. Wakabembeleza, wakauliza tena. Hapana. Mara ya tatu hakuna aliyecheka. Niyonzima akajaribu kueleza, msemaji akamkatiza. Baba alikwisha kusema.

Wageni walikuwa wanainuka Generoza alipotoka mlangoni.

"Mume wangu aliumia kichwa," akasema. "Anamaanisha ndiyo."

Msemaji alimtazama kwa huruma, lakini hakukaa. "Mama, ungetuambia tangu mwanzo, tungepokea neno la shemeji yako. Sasa tuamini lipi?"

Wakaondoka. Ndani, Akimana alikuwa anasikia yote. Generoza aliuma kanga yake asipige kelele, akijilaumu.

Sindayigaya akamvuta mkono. Alinyoosha kidole chumbani kwa binti yake, kisha kwenye njia ya Nyarubungo, uso umejaa furaha. Alikuwa amemwoza mwanawe, na sasa alingoja mkewe apige vigelegele.