Lenzi Isiyovuta

Picha zote za bibi yangu zilikuwa kwenye albamu ya mama pale Jorodom. Tope liliposhuka kutoka mlimani, liliondoka na albamu pamoja na ukuta wa chumba. Mama alimshukuru Mungu kwa uhai. Ila kila nilipomtembelea aliniambia kwamba hana hata picha moja ya mama yake, na mama yake anazidi kudhoofika.

Basi nikaazima kamera ya rafiki, kubwa, yenye lenzi ndefu ya kuvuta, nikaenda Bashay. Nilijibanza nyuma ya zizi, nikamvuta bibi akichambua maharage, jua la asubuhi likimwangaza shavuni. Picha ilitoka nzuri ajabu. Nilipojitokeza na shikamoo yangu, alikuwa ameshaniona zamani.

"Unanichukua kabla ya kuniamkia?" alisema. "Mimi ni swala?"

Akabeba ungo wake, akaingia ndani bila kuitikia. Kwetu, mtu mzima akikunyima marahaba, amekufukuza. Nilirudi Endagikot nimefura, nikimwona bibi mkorofi tu, ila picha ile nikashindwa kumpelekea mama.

Nilipoweza kununua kamera yangu, nilikwenda Arusha nikijua ninachotaka: ndogo, isiyo na kioo ndani, inayoingia kwenye mfuko wa koti, isiyopiga kelele. Kwenye kamera tulielewana na muuzaji. Kwenye lenzi tukabishana. Alinisukumia ya kuvuta.

"Hii unakaa mbali, mtu hajui kitu," aliisifu.

Nikamkumbuka bibi na swala wake. Nikaomba ile fupi, ya milimita thelathini na tano, isiyovuta kabisa, lakini inayopokea mwanga mwingi hata ndani ya nyumba yenye giza.

"Hiyo mpaka umsogelee mtu," alinionya.

"Ndiyo hiyo hiyo," nikamjibu. Njia nzima ya kurudi nilijuta, nikijiuliza kama nimenunua kamera au nimenunua ubishi.

Safari hii, nilipofika Bashay, bibi alikuwa hatoki nje tena. Alikuwa ameketi kitandani, kidirisha kimoja kikimpa mwanga kidogo, na mawingu yalikuwa yanakusanyika.

"Shikamoo, bibi."

Kimya. Nikarudia. Kimya. Nikadhani nitamlainisha kwa ile picha ya maharage, iliyokuwa kwenye kadi niliyoihamisha kutoka kamera ya rafiki, na sikuwa na nakala nyingine. Nikamwonyesha kwenye skrini. Aliiangalia sana.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe, bibi. Umependeza."

"Mfute."

Nikamweleza kwamba ndiyo picha pekee iliyobaki, kwamba mama analia.

"Mfute. Huyo hamjasalimiana."

Ningeweza kumdanganya, macho yake yalikuwa dhaifu. Nilimkasirikia, nikajikasirikia, nikatazama dirisha jinsi lilivyokuwa likififia. Nikifuta, halafu akatae, au mwanga uishe, nitamwambia nini mama? Nikafuta. Nikamwonyesha skrini tupu, naye akaisogeza karibu kabisa na macho ili ahakikishe.

Nikainua kamera. Lenzi ile haikuniachia nafasi ya kujificha. Magoti yangu yaligusa kitanda chake.

"Shikamoo, bibi."

Aliniangalia mimi, hakuangalia kamera.

"Marahaba," akasema, nami nikabonyeza. Mara moja tu, maana baada ya hapo alichoka, akageukia ukutani.

Tulimzika kabla maharage hayajavunwa. Nilisafisha picha, nikampelekea mama huku naona aibu: bega moja limemezwa na giza, kitambaa cha kichwani kimekatwa na ukingo wa picha, na mdomo uko wazi. Nikaanza kuomba radhi kwa huo mdomo.

"Hebu nyamaza," mama alisema.

Aliishika kwa mikono yote miwili, akaitazama mpaka machozi yakamtoka. Kisha akainamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo, mama," akasema.