Lebo za Mume Aliyerudi

Mama Spika alirudi kutoka kumwangalia mama yake mgonjwa, akafungua stoo yake, akakuta kila kitu kimepata mwenyewe.

Hakuna kilichoibwa. Spika zilikuwa zimepangana ukutani kama alivyoziacha, amplifaya mbili juu ya meza, maikrofoni ndani ya ndoo yake ya plastiki, na nyaya zimening'inia kwenye misumari, kila waya umekunjwa duara. Ila kila kimoja kilikuwa kimebandikwa karatasi nyeupe inayong'aa, imechapwa kwa mashine, herufi nyeusi nono. Hata feni ilikuwa nayo. Hata birika la umeme analochemshia chai.

Mama Spika hakujua kusoma. Shule aliiona kwa nje tu, akipita na ndoo kichwani. Lakini kulikuwa na maandishi mamoja ambayo angeyatambua hata angeamshwa usingizini, kwa sababu kwa miaka kumi na minne aliyaona kwenye kila kitu ndani ya nyumba yake isipokuwa yeye mwenyewe. Lilikuwa jina la mumewe.

Akamwita jirani yake, fundi cherehani.

"Shoga, hebu nisomee hapa. Labda macho yananidanganya."

Fundi cherehani alivaa miwani, akasoma, akaivua.

"Mali ya yule yule."

"Yule yule yupi?"

"Wako. Aliyekwenda kutafuta maisha kwa mwanamke mwingine. Na chini kaweka namba ya simu, eti ukiokota umpigie."

"Kaingilia wapi? Kufuli zima."

"Ufunguo si aliondoka nao?"

Mama Spika akakaa juu ya spika iliyokuwa karibu. Jumamosi alikuwa na kazi ya harusi, na wiki inayofuata mkutano wa hadhara. Bila vyombo vile asingekuwa na kazi hizo wala nyingine yoyote, na mama yake alikuwa akiishi kwa dawa.

Zamani, walipoanza na mumewe biashara ya kukodisha vyombo vya muziki, kila kitu kiliandikwa jina la mume kwa kalamu ya wino usiofutika. Yeye ndiye aliyebeba spika mgongoni, yeye ndiye aliyejifunza kuunga nyaya kwa kuwatazama mafundi, vidole vikaungua mpaka vikazoea, lakini jina lilikuwa moja tu. Siku mume alipoamua kuondoka, hakutoa talaka wala kwaheri. Alileta gari mchana kweupe akapakia kila chenye jina lake. Akambakizia spika moja iliyoungua na lundo la nyaya zilizokatika, ambazo hakuna aliyejisumbua kuziandika.

Kwa lundo hilo Mama Spika alianza upya. Aliunga nyaya, akazikodisha kwa wapiga muziki wengine, akanunua spika chakavu kwa mafundi, akaifufua, akanunua ya pili. Miaka mitano. Na kwa kuwa kwenye kumbi watu hubandua majina ya wenzao na kuyakwangua kwa wembe, yeye aliweka alama yake mahali ambapo wembe haufiki. Hakumwonyesha mtu yeyote, hata fundi cherehani, ambaye siri kwake ilikuwa na umri wa dakika kumi.

Mume hakupoteza muda. Siku ile ile alikwenda kushtaki kwa mwenyekiti wa mtaa, na kesho yake saa nne asubuhi wote wakawa ndani ya stoo. Nje pikapu ilikuwa imeshaegeshwa, dereva amelaza kiti anakoroma.

Mwenyekiti alikuwa nesi mstaafu, mama mnene aliyewatazama watu wote kama anayesubiri wavue shati.

"Shikamoo, Mama Mwenyekiti," alisema mume. Alikuwa amekonda. Viatu vilikuwa vimepigwa rangi kuficha nyufa.

"Marahaba. Eleza, na usizunguke."

"Mama, mimi nilisafiri kikazi. Mke wangu nikamwachia vyombo avitumie, asife njaa. Nimerudi, nahitaji vitu vyangu. Ushahidi si huo, umebandikwa?"

"Ulibandika lini?"

"Aa, zamani."

"Zamani, na karatasi inang'aa namna hii?"

"Nilizibadilisha, Mama. Zile za kwanza zilichakaa."

"Mwongo ana macho makavu huyu!" fundi cherehani alipaza sauti kutoka mlangoni.

"Wewe hukuitwa," mwenyekiti alimwambia, lakini hakumfukuza.

Alizunguka stoo polepole, akigusa hiki, akiinua kile. Alipofika kwenye misumari akasimama, akashusha waya mmoja mrefu wa njano.

"Na huu?"

"Wangu huo. Nimeutolea jasho."

"Una hakika?"

"Asilimia mia. Soma hapo, Mama."

"Nimesoma," mwenyekiti alisema. "Huu ni waya wangu wa pasi. Nilimletea mkeo Jumatatu aubadilishie plagi iliyoungua."

Fundi cherehani alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. Mume naye alijaribu kucheka, meno ya mbele tu.

"Hapo nimepitiwa, Mama. Waya mmoja katika vitu arobaini, binadamu si anakosea? Vingine vyote ni vyangu."

Mwenyekiti akauweka waya wake kwapani na kumgeukia Mama Spika.

"Kukosea kwake hakufanyi vilivyobaki viwe vyako. Una risiti?"

Risiti angezitoa wapi? Vitu vyake alivinunua kwa mafundi wa vichochoroni, wanaoandika bei kwenye kiganja cha mkono. Alimtazama mume, akaona ameshaanza kujinyoosha, shingo inarudi mahali pake kama zile siku alizokuwa akimwambia, "Wewe mwanamke hata jina lako hujui kuliandika."

Ilikuwa kweli. Hakujua. Akasimama.

"Risiti sina, Mama Mwenyekiti. Nipeni bisibisi, ipo hapo nyuma ya feni."

Alichukua waya wa kwanza uliomjia mkononi, akafungua plagi yake. Ndani, pale waya unapobanwa kabla haujagawanyika, palikuwa pamezungushwa uzi wa sufu mara tatu, rangi ya damu ya mzee, ukafungwa fundo dogo. Akafungua plagi ya pili, uzi ule ule. Akachukua maikrofoni kutoka kwenye ndoo, akazungusha kichwa chake kikatoka, na ndani mlikuwa na uzi. Akailaza spika, akalegeza kifuniko cha nyuma, uzi ulikuwa umefungwa kwenye skrubu ya kona.

"Kila kitu changu kina huo," alisema. "Chagueni wenyewe, nitafungua."

Mume aliinama akaokota plagi moja. Akaugusa uzi kwa kidole, akausogeza kwenye mwanga wa dirisha. Sura yake ikabadilika.

"Ah! Si ile sweta yangu hii?"

"Sweta ipi?" mwenyekiti aliuliza.

"Alikuwa ananifumia. Rangi niliichagua mwenyewe. Mwanamke huyu ameifumua sweta yangu!" Alisema kwa uchungu wa kweli, kama mtu aliyeonewa. "Ilikuwa imebaki mkono mmoja tu!"

"Ulimwacha nayo hapa?"

"Ilikuwa kwenye kiti siku naondoka. Naikumbuka, nilitaka hata kuichukua, nikaona haina mkono."

"Siku unaondoka ilikuwa nzima?"

"Nzima kabisa, Mama! Nimekuambia, mkono tu."

Mwenyekiti alimsubiri. Alimsubiri kama anavyosubiriwa mgonjwa aliyewekewa kipimajoto mdomoni.

"Basi niambie, baba. Kama sweta ilikuwa nzima siku uliyoondoka, uzi wake umeingiaje ndani ya vitu ulivyoviacha wewe?"

Mume akatazama plagi. Akatazama spika iliyolala chali. Nje dereva alikohoa, akaendelea kukoroma.

"Labda alivifungua baadaye..." alianza.

"Ulibeba kila chenye jina lako, mtaa mzima ukikutazama," Mama Spika alisema. Sauti yake ilitoka tulivu kuliko alivyotegemea. "Uliacha nyaya zilizokatika na sweta. Nyaya niliziunga. Sweta niliifumua usiku ule ule. Hata kilichoungua ukakiacha, mimi nikakiponya. Chako humu ndani ni karatasi tu."

"Pikapu iondoke," mwenyekiti alisema. "Ufunguo uweke mezani. Na hizo karatasi uzibandue, moja baada ya nyingine, mimi nikiwa hapa."

Ufunguo ulilia kwenye mbao. Ndipo Mama Spika alipogundua kwamba tangu jana alikuwa anapumua nusu nusu, kama aliyejifunga kanga ikambana kifua. Akashusha pumzi yote. Akavuta nyingine, ikaingia mpaka chini.

Mume alinyoosha mkono kwenye amplifaya.

"Hapana," Mama Spika alisema. "Anza na birika. Nataka chai."

Gundi ilikuwa nzuri. Mume alinunua ya bei ya juu, na sasa alikuwa anaikwangua kwa kucha, karatasi inatoka vipande vipande, kila kipande na herufi yake. Alianza na birika, likajazwa maji, likachemka. Wanawake watatu walikunywa chai, mmoja kwenye kiti, wawili juu ya spika, wakimtazama akipiga magoti kwenye nyaya. Hakuna aliyemkaribisha kikombe. Fundi cherehani alimwonyesha aliposahau: "Shemeji, feni hiyo. Nyuma, nyuma. Hapo hapo."

Alipomaliza, aliondoka kwa miguu, kwa kuwa dereva hakumsubiri.

Mama Spika alibaki na bisibisi, akirudishia plagi alizozifungua. Alama yake sasa ilijulikana. Kufika jioni fundi cherehani angekuwa ameshaitangaza mtaa wa tatu, na ingebidi atafute nyingine. Alishangaa kuona kwamba jambo hilo halimsumbui hata kidogo. Kazi ya Jumamosi ilikuwa yake.

Akamwomba mwenyekiti ule waya wa njano, akatoa plagi iliyoungua, akaweka mpya.

"Nikuwekee uzi ndani, Mama? Donge la sweta limebaki dogo, kama la mkono mmoja."

Mwenyekiti akaangalia kikombe chake.

"Niwekee," alisema. "Lakini usiwe wa sweta ya yule. Sitaki pasi yangu ipate moto ikumbuke mtu."

Fundi cherehani alikuwa ameshatoa kibiringo cha uzi mfukoni, wa kijani. Mama Spika akakata kipande kwa meno, akauzungusha mara tatu, akakaza fundo, akafunga skrubu.