Vigitaa Sita vya Karani wa Mizani

Karani wa mizani alikuwa na ukulele sita, vile vigitaa vya nyuzi nne, alizonunua moja moja kwa wazungu waliorudi kwao, na hakuna aliyewahi kwenda kuzisikiliza. Nani amtembelee mtu ambaye kila siku hutia mkono kwenye kapu lako la majani ya chai, hukung'uta vidole, kisha husema kwa sauti ya kanisani, "Majani yana maji, toa ratili mbili"? Kama kuna siku Kericho majani hukauka, mimi sijaiona. Jumapili moja, mwaka wa nzige, mvua ilinikimbiza hadi mlangoni pake. Ukulele tano zilikuwa zimelala juu ya masanduku ya chai yaliyopangwa kama viti, naye anakaza nyuzi za ya sita, sikio limekaribia kugusa mti.

"Karani, wageni wako hawanywi chai?"

Hakucheka. "Unyevu unalegeza nyuzi. Nazikaza zote kila Jumapili, mtu akija asingoje."

"Na nani amekuja?"

Akatazama nguo zangu zikichuruzika sakafuni. Nikadhani nami atanitoa ratili mbili za maji. Akachukua ukulele moja juu ya sanduku, akaipangusa kwa shati lake, akanipa. Nikamwambia sijui kupiga.

"Shika tu," akasema, "ndipo nianze kupiga."

Mvua ilikatika, mimi bado nimeshika.