Binti wa Persis na Msuli wa Kaakaa

Abigael Mong'ina alizaliwa kijijini Masimba, kaakaa lake likiwa limepasuka kule nyuma, penye ulaini. Akinyonya, maziwa yalitokea puani. Majirani walimshauri mama yake, Persis, asijichoshe. Mtoto huyo, walisema, hakuja kukaa. Persis hakubishana nao. Alimkalisha wima mapajani akamnywesha kwa kijiko, kidogo kidogo, mpaka akapata nguvu za kupelekwa hospitali ya misheni kushonwa.

Kaakaa liliziba, ila sauti ilibaki ya puani, na sikio la kushoto halikuacha kutoa usaha. Shuleni wenzake walimwigiza. Hata hivyo aliponyoosha mkono kujibu, hakuushusha.

Mwaka 1972 alikuwa Nairobi akisomea udaktari. Siku moja, wanafunzi wakiwa wameizunguka maiti ya kujifunzia, mwalimu aliuliza ni neva gani inayoendesha misuli ya kaakaa laini. Wenzake walijibu kwa pamoja: neva ya kumi.

"Yote?" mwalimu akauliza.

Abigael akanyoosha mkono.

"Yote isipokuwa mmoja, ule unaolikaza kaakaa," Abigael alisema, kwa sauti yake ile ile. "Huo una kijitawi chake, kinachotoka kwenye neva ya tano, katika tawi la utaya wa chini."

Mwalimu alimwomba akionyeshe. Abigael alikinyanyua kwa kibanio, chembamba kama uzi, chini tu ya tundu la fuvu inamotokea neva hiyo, akakifuata hadi kinapoingia msulini. Akaeleza kwamba mtu akimeza, msuli huo ndio unaofungua mrija wa kupitisha hewa sikioni. Kaakaa likipasuka, msuli hukosa mahali imara pa kuvuta, mrija usifunguke, sikio likaugua. Hakuna aliyemwigiza siku hiyo. Walisogea karibu wapate kuona.

Likizoni alimsimulia mama yake hayo kwa Ekegusii, lugha ya kwao, wakichuma majani ya chai. Persis alisimama, kapu mgongoni. Miaka yote aliamini ni yeye aliyeliharibu sikio lile, kwa kumnywesha vibaya.

"Kumbe si mkono wangu," alisema.

"Mkono wako ndio ulioniweka hai, mama."

Sabato iliyofuata, mzee wa kanisa alipouliza nani ana neno la shukrani, Persis aliwatangulia wote kusimama. Alisema binti yake anasomea udaktari, na sasa atawasalimu mwenyewe. Abigael alisimama akazungumza kwa kirefu, bila haraka. Persis hakuketi mpaka binti yake alipomaliza.