Maili Elfu Kumi na Tisa za Bwana Cheswick

Doreen Tranter hakunywa chai ya mtu anayeuza gari. Alisema ukishamaliza kikombe cha mtu na kumega biskuti yake, ulimi unakuwa mzito. Utamwambiaje kwamba anakudanganya? Hapa kwetu Coventry wengi wamenunua vyuma vibovu kwa sababu ya adabu tu.

Kwa miaka ishirini na mbili alishona viti katika kiwanda cha magari, kwenye chumba kirefu cha wanawake ambako mashine zilinguruma mpaka wakajifunza kusomana midomo. Kiwanda kilipofungwa, alibaki na vidole vyake. Watu wakawa wanamchukua kwenda kukagua magari ya zamani, kwa kuwa fundi husikiliza injini, na injini hubadilishwa. Doreen alitazama mahali ambapo mwili wa binadamu umekaa. Hakutaka malipo. Nadhani alipenda kumkamata mtu. Mumewe Ron, aliyefariki miaka sita nyuma, alikuwa muuza magari, na sisi majirani tulisema kwake ndiko alikojifunza kutomwamini yeyote. Hatukukosea, ila hatukujua kwa kiasi gani.

Aprili ya mwaka 1996 Cyril Pargeter alimwomba wafuatane hadi Kenilworth. Cyril aliishi naye ukuta kwa ukuta. Alikuwa ameendesha basi la mji kwa miaka thelathini na moja, na kiinua mgongo chake kilikuwa kimeingia benki. Tangu ujana alilitamani gari dogo jekundu la mbio, la viti viwili na paa la kukunja, na sasa lilikuwa limepatikana: la mwaka 1966, limetembea maili elfu kumi na tisa tu. Mwenyewe alitaka pauni elfu kumi na mbili. Lingekuwa limetembea kama wenzake, bei isingezidi elfu sita. Tofauti yote ilikaa kwenye tarakimu tano za dashibodi, na Cyril hakuwa na kiinua mgongo cha pili.

Njiani Doreen alimweleza kwamba mita za maili za magari yale hurudishwa nyuma kwa drili, muda mfupi kuliko wa kuchemsha viazi. Cyril akamuuliza amejuaje habari za viazi. Doreen akatazama nje dirishani.

Bwana Alban Cheswick, tabibu wa meno mstaafu, aliwapokea uani na sinia la chai. Doreen alisema atakunywa baadaye. Gari lilikuwa liking'aa kama tunda lililofutwa kwa kitambaa, na kando yake mzee aliweka faili lenye risiti na vyeti vya ukaguzi wa kila mwaka, vimepangwa kwa tarehe. Doreen alivipekua, kisha akauliza kwa nini vinaanzia mwaka sabini na nne. Mzee akajibu kwamba huo ndio mwaka aliolinunua gari hilo. Kabla yake lilikuwa la mwalimu mmoja wa kike, ambaye alikuwa akienda nalo kanisani tu. Ndivyo alivyoambiwa dukani.

"Magari yote ya uongo yalikuwa ya mwalimu anayekwenda kanisani," Doreen alimnong'oneza Cyril.

Akapiga magoti. Raba za pedali zilikuwa mpya. Mzee alisema za zamani zilipasuka kwa uzee. Usukani ulikuwa laini upande mmoja. Mzee alisema hufutwa kila wiki. Kila dalili ilikuwa na jibu, na kila jibu lilimzidishia Doreen shaka, kwani ukweli haukosi sehemu usiyoweza kuieleza.

"We Doreen, hata peponi utakagua bawaba za lango kwanza," Cyril alisema.

"Na wewe utamlipa kiingilio wa kwanza utakayemkuta nje."

Kisha akafika kwenye kiti cha dereva. Kilikuwa kimenyooka kuliko cha abiria, wakati dereva hukaa kila siku na abiria mara mojamoja. Akapitisha mkono chini, akafuata mshono kwa kidole mpaka mwisho wake. Kiwandani uzi ulimalizwa kwa kurudisha mashine nyuma mara tatu. Hapa palikuwa na fundo, limefungwa kwa mkono. Akaomba tochi. Ngozi ilikuwa nyeusi, na uzi wa chini ulikuwa wa buluu.

Alikaa pale chini muda mrefu kuliko mshono ulivyohitaji.

Angeweza kusema kiti kimeshonwa upya, twende zetu. Fedha za Cyril zingepona, naye angerudi nyumbani akiwa Doreen yuleyule. Lakini Bwana Cheswick alikuwa ameweka sinia juu ya ukuta, akamsogelea.

"Mama, kama una neno, sema. Nimelitunza miaka ishirini na mbili. Sitaki kuondokewa na watu wanaoniona mwongo uani kwangu."

"Wewe si mwongo," Doreen alisema, akisimama kwa kushika mlango. "Kiti hiki nilikishona mimi, jikoni kwangu, siku ya Jumapili. Uzi mweusi uliniishia na maduka yamefungwa, nikatumia wa sketi ya shule ya binti yangu. Mita ilikuwa elfu themanini na moja. Mume wangu aliirudisha kwenye elfu tisa."

Basi Bwana Cheswick alikuwa ameliendesha maili elfu kumi kwa miaka yote ile, polepole, siku za jua tu, akiogopa kuharibu kitu ambacho hakuwahi kuwa nacho.

"Mrefu hivi? Mwenye kucheka sana?" mzee aliuliza.

"Ndiye."

"Alinipunguzia pauni hamsini. Nilitoka pale nikidhani nimemwonea."

Cyril, kwa haya zaidi kuliko kwa tamaa, alisema bado angelichukua kwa elfu sita. Mzee alitikisa kichwa. Leo hauzi. Akalifunika gari kwa turubai, upande mmoja kisha wa pili, akaingia ndani, asimtazame Doreen.

Walirudi kwa gari la Cyril, redio imezimwa. Walipokuwa wamesimama kwenye taa za kuingilia mjini, Cyril ndipo alipofungua mdomo.

"Na lile la kijivu nililonunua kwa Ron, mwaka niliomwoa Beryl?"

"Lile sikulishona mahali popote," Doreen alisema. Na ilikuwa kweli.

Taa ikawa kijani. Cyril hakuliondoa gari. Kwa miaka thelathini na moja aliwatazama usoni watu waliopanda basi, waliolipa na ambao hawakulipa.

"Doreen," alisema, "sikukuuliza habari za viti."