Boti ya Mjomba na Picha Yangu Sahihi

Nakumbuka siku moja pale Kibirizi, boti ya chuma ya mjomba wangu ikiwa imepandishwa nchi kavu, imepakwa rangi ya kijani mpaka inang'aa. Mwanangu, wakati huo nilikuwa nimerudi kutoka Dar es Salaam na stashahada yangu. Sikusomeshwa na mtu. Nilibeba mizigo mchana, usiku nikasoma. Katika ukoo wetu hapakuwa na mwingine aliyeweza kuichora boti ndani ya kompyuta na kuonyesha kutu itaanzia wapi. Bado nasema hivyo, na sioni aibu.

Kazi ile nilimfanyia mjomba kwa moyo. Niliingiza vipimo vya boti na vya maji ya ziwa letu, kompyuta ikanionyesha mahali pa kufunga vipande vya magnesiamu. Kazi ya kipande ni kuliwa na maji ili chuma cha boti kisiliwe, kwa hiyo lazima kibaki kitupu, bila rangi. Hilo sikumwambia mjomba. Niliona ni jambo la wazi mno.

Basi siku ya kushusha boti nikakuta vipande vyote vimepakwa rangi. Mjomba mwenyewe ndiye aliyevipaka, brashi bado anayo mkononi, na wazazi wa mchumba wa mwanawe walikuwa wametoka Rusimbi kuja kuona fahari yake. Nilicheka mbele yao.

"Mjomba, dawa ya boti umeivisha shati! Hata mtoto wa darasa la pili angeuliza kwanza."

Nikafungua kompyuta, nikaonyesha kutu itakavyoila boti. Sehemu ya nyuma, kwenye propela, ikageuka nyekundu yote. Nikawageuzia wale wageni waone vizuri.

Mjomba aliweka brashi chini. "Injinia wa picha," alisema, "boti hii ina mwenyewe. Vijana, sukumeni!"

Wakasukuma.

Jioni mama yangu, dada yake, aliniita nyumbani Katubuka. "Nenda kamwamkie kaka yangu. Mwambie taratibu, mkiwa wawili tu. Atakwangua mwenyewe."

"Mama, mimi nimesoma," nikamjibu. "Acha kutu imfundishe."

Kukwangua ile rangi ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Sikwenda. Tukawa tunapishana sokoni kama watu wasiojuana, na boti inaendelea na safari zake.

Mwishowe ilitoboka nyuma, kwenye propela, palepale penye wekundu wa picha yangu, ikiwa imejaa magunia ya dagaa. Watu waliokolewa, boti ikazama, ikabaki chini ya ziwa. Mjomba alihamia Kidahwe kulima mihogo, yeye aliyekulia majini. Hapo ndipo nilipokwenda.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Picha yako ilikuwa sahihi, injinia."

Alisema bila kejeli, akaendelea kumenya mihogo. Maneno hayo nilikuwa nimeyangoja muda mrefu, mwanangu. Nilipoyapata sikujua pa kuyaweka.

Kwa hiyo sikia. Ukijua jambo wasilolijua wenzako, lieleze mapema, hata lile unaloona liko wazi. Ukikuta mtu amekosea, mvute pembeni, usimwaibishe mbele ya wakwe. Na mkikasirikiana, rudi siku ileile, maana chuma hakiwangojei mpatane.

Mungu akupe elimu kunizidi mimi, ingawa hilo si jambo dogo, na akupe miguu ya kwenda kumwamkia mjomba wako kabla maji hayajaingia.