Fimbo ya Moto ya Damaris

Damaris ni mjukuu wangu, binti wa mwanangu Kavumbi, na hapa Gede hakuna asiyemjua kwa ile fimbo yake inayowaka ncha zote mbili. Huizungusha mgongoni, huirusha juu, huidaka. Alianza na mchi wa kinu. Watu wakamcheka. Mimi nikawaambia, mtaona.

Mwaka juzi hoteli moja ya Kikambala ilitaka mchezaji wa kila Jumamosi. Meneja, bwana Kyalo, akamwambia aje aonyeshe mara moja tu. Akipendeza, kazi ni yake. Alikuwa ameisubiri nafasi hiyo miaka mitatu. Nikasema sibaki nyumbani. Mimi nimeuza mafuta ya taa miaka thelathini, moto naujua. Nikabeba galoni langu na gunia, tukaenda.

Tukamkuta Lewis, mpiga ngoma wake, ana chupa ya soda imejaa mafuta.

"Shikamoo bibi. Leo pumzika, mafuta ya taa nimenunua stejini."

"Marahaba. Lete ninuse." Nikanusa. "Hii ina petroli."

"Aa, bibi! Nimemwona muuzaji akipima."

"Na chupa je? Hizo ndizo wanazotilia petroli ya bodaboda."

"Basi ni tone tu. Moto utakuwa mkubwa, wageni watapenda."

"Choma ndevu zako wewe, wapende."

Bwana Kyalo akatazama saa. Wageni wameshakaa, akasema, tuanze au turudi kwetu.

"Hawe, nitakosa kazi," Damaris akaninong'oneza. Hawe ndiyo nyanya kwa Kigiriama.

"Utakosa uso kwanza. Ngoja."

Nikamimina kidogo ya Lewis kwenye kifuu cha nazi, mchangani, mbali na watu. Nikawasha ncha ya ufito mrefu, nikausogeza. Haujagusa, moto ukaruka, puu! Nikamimina yangu kwenye kifuu kingine, nikausogeza vilevile. Kimya. Lewis akarudi nyuma hatua nne.

Bwana Kyalo akakohoa. "Mama, endelea. Wageni watangoja."

Damaris akachovya ncha katika kopo la mafuta yangu, akaziacha zichuruzike, akazikung'uta mpaka pasiruke tone. Kopo tukalifunika, likapelekwa mbali. Alivaa pamba tupu, maana nailoni niliikataa tangu nyumbani, na nywele kazifunga kwa kitambaa kilicholowa. Mimi nikakaa mbele kabisa na gunia langu nililolilowesha maji, tayari kuzimia moto. Mhudumu akaniomba nisogee. Sikumsikia.

Jua lilikuwa limeshazama. Fimbo ikawaka, ikavuma, ikazunguka mpaka usijue mkono uko wapi. Moshi ulikuwepo, sikatai, lakini moto ulitulia, haukumfuata. Ngoma ikaisha, fimbo bado inawaka! Wageni wakasimama wote, wengine juu ya viti.

Bwana Kyalo akamfuata mbio. "Jumamosi utafika saa ngapi?"

"Saa kumi," Damaris akajibu, bado anahema. "Nataka muda wa kupima mafuta."

Mwaka wa pili huu yuko pale, na hana hata kovu.